LUGHA YA WATU NA LUGHA YA MASHINE

Mrundi aliyevuka mpaka mwaka 2015 akafika Kasulu au Kibondo hakuhitaji mkalimani ili aombe maji. Muha alimwelewa, kwa kuwa Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Penye neno geni msikilizaji aliuliza, akaonyeshwa kwa kidole, mambo yakaisha. Ndivyo zilivyo lugha za wanadamu: hazina mwasisi wala siku ya kuzaliwa, na husimama kwa nia njema ya msikilizaji.

Lugha za kompyuta ni za namna nyingine kabisa. Hizo zina waasisi na tarehe. FORTRAN ilitolewa mwaka 1957 na watu wa kampuni ya IBM wakiongozwa na John Backus. C ilitungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Python ya Guido van Rossum ilitoka mwaka 1991. Anayeandika kwa C akisahau nukta-mkato moja mwishoni mwa amri, programu yake yote hukataliwa. Muha humsamehe mgeni aliyekosea neno; mashine haisamehi.

Je, twasema kwamba ukali huo ni ubaya? La hasha! Ndio unaofanya hesabu itoke ile ile leo na kesho, kwa tajiri na kwa maskini. Hatari huanza pale lugha hiyo inapoachiwa peke yake kuamua mambo ya watu. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima huandikishwa katika kompyuta ili apate mbolea ya ruzuku. Nasi twajua kwamba majina mengi ya Buha huandikwa kwa namna mbili: huyu huandika Bh, yule B tupu. Karani aliyekulia Kibondo hutambua mara moja kuwa ni mtu yule yule, maana anaisikia sauti ya jina. Lakini programu iliyoamriwa kulinganisha herufi kwa herufi itaona watu wawili, na mkulima aliyetembea tangu alfajiri ataambiwa kwamba hayumo. Hata programu za siku hizi zinazojibu maswali kwa Kiswahili hazimwondoi karani, kwani hazimjui mkulima yule wala baba yake.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili. Kwanza, kila ofisi inayotumia kompyuta iwe na mtumishi mwenye ruhusa ya kusahihisha jina, akiletewa barua ya Mtendaji wa Kijiji, siku ile ile. Pili, vijana wetu wanaojifunza kuandika programu wafike vijijini, wasikie jinsi wananchi wanavyojiita, kabla hawajaandika amri ya kwanza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mbolea ikichelewa, mvua haimngojei mtu aliyekosewa herufi moja.