Majumba ya sanaa si ya wenye miguu pekee

Huenda msomaji ukashangaa kuona daktari ameacha malaria na kisukari, akaanza kuzungumzia majumba ya sanaa katika ukurasa wa afya. Nivumilie kidogo.

Kwenye zahanati yangu Kawangware hufika mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichora vibao vya vinyozi na bucha. Mguu wake wa kulia ulikatwa kwa sababu ya kisukari. Kidonda kilipona vizuri na sukari yake ikatulia, lakini mzee alikuwa halali wala hali vyema. Kila nilipomuuliza anaumwa wapi, alinijibu, "Hakuna mahali, daktari. Nakaa tu."

Jibu hilo nimelisikia Kibera pia, kutoka kwa mama aliyepatwa na kiharusi na kijana aliyepofushwa na presha ya macho. Ugonjwa umetibiwa, lakini mtu amebaki kufungiwa ndani. Upweke wa namna hiyo huzaa huzuni, na mwenye huzuni aghalabu huacha kumeza dawa. Hapo kazi yangu yote huharibika.

Basi nilimshauri mzee aende akatazame picha, maadamu uchoraji ndio uliokuwa maisha yake. Akaenda na mwanawe hadi jumba moja mjini. Matatu ya kwanza ya nambari 46 haikumngoja. Ya pili ilimtoza nauli ya viti viwili kwa sababu ya magongo yake. Walipofika, picha zilikuwa ghorofa ya juu na lifti hapakuwa. Mlinzi alimhurumia, akamletea kiti akae chini ya ngazi amngoje mwanawe. Mzee alitoka Kawangware kwenda kukaa tu!

Wapo wanaoniambia kuwa mtu wa Kibera ana shida ya maji na choo, sanaa ataila? Sikubaliani nao hata kidogo. Kibera ndiko lilikoanzia kundi la wachoraji la Maasai Mbili mwaka 2001, na waasisi wake walikuwa vijana waandishi wa vibao, kama mzee wangu. Tena, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaonyesha kwamba sanaa husaidia kuzuia maradhi na kuwauguza wagonjwa. Huko Montreal, Kanada, mwaka 2018 madaktari walianza kuwaandikia wagonjwa cheti cha kuingia bure katika jumba la sanaa, mgonjwa pamoja na anayemtunza.

Kwetu, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inayofaa, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, pamoja na kutumia lugha ya ishara na breli. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu.

Wengi wakisikia haya hufikiria njia ya mteremko mlangoni, kisha basi. Lakini kijana wangu asiyeona ana miguu mizima. Kwake kibao cha "usiguse" ndicho ukuta. Atengewe sanamu chache au nakala zake azipapase. Jumba la Louvre, Paris, lilifungua chumba cha namna hiyo mwaka 1995. Kiziwi atafutiwe mkalimani, hata Jumamosi moja kwa mwezi, na siku hiyo itangazwe. Mama wa kiharusi anahitaji viti vya kupumzikia na choo chenye mlango mpana.

Hata hayo yakitimizwa, kiti cha magurudumu cha Kibera hukwama kwenye mtaro kabla ya kufika barabarani. Kwa hiyo majumba yenyewe yatoke. Makumbusho ya Taifa ni mali ya umma; picha na michongo michache inaweza kuletwa mitaani, katika ukumbi wa shule, kanisa au hata baraza ya zahanati. Yangu iko wazi.

Kwa sasa, ukiwa na mgonjwa wa aina hii nyumbani, piga simu kabla hamjatoka. Uliza kuna ngazi ngapi, choo kiko wapi, na kama anayemsindikiza atalipa. Mzee wangu ameniuliza tutarudi lini. Nimemwambia safari hii nitapiga simu mimi mwenyewe.