Siku 30 za mfanyakazi wa Ngara

Mlinzi wa ghala Rulenge au mhudumu wa nyumba ya wageni Biharamulo akiambiwa "kesho usije", sheria inamkinga kuliko mwenyewe anavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu, na ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha hayo. Asiye na mkataba wa maandishi naye asikate tamaa. Mwajiri akishindwa kuutoa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kazi ya kuthibitisha masharti ya ajira inamwangukia yeye. Kufungua shauri hakuna ada, wala wakili si lazima.

Shida iko kwenye kalenda. Anayepinga kuachishwa kazi anapaswa kufika kwenye Tume ndani ya siku 30. Ofisi ya Tume kwa mkoa wa Kagera iko Bukoba, na kutoka Ngara unapita Biharamulo na Muleba kwa nauli ya mtu ambaye mshahara umeshakatika. Wiki za mwanzo huishia kwenye kubembeleza: bosi kasafiri, njoo Jumatatu, hesabu yako inaandaliwa. Akija kugutuka, muda umepita. Anaweza kuomba aongezewe, lakini kusema alikuwa akizungumza na bosi mara nyingi hakumsaidii. Wapo waajiri wanaolijua hilo vizuri sana.

Cha ajabu, anayedai malimbikizo ya mshahara ana siku 60. Aliyepoteza kazi yenyewe ana 30!

Hoja ya waajiri si ya kupuuzwa. Mashahidi husahau, na mwenye duka hawezi kukaa mwaka mzima akisubiri kushtakiwa, hasa kwa kuwa sheria ile ilipotungwa iliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12, fedha ya kutosha kufunga biashara ndogo. Lakini mwezi mmoja zaidi haufuti kumbukumbu ya mtu.

Suala hili litakua. Mgodi wa Tulawaka, Biharamulo, ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2013 chini ya mmiliki wake wa awali, wengi waliona jinsi ajira ya mgodini inavyokatika. Sasa Ngara inasubiri nikeli ya Kabanga, ambayo makubaliano yake yalitiwa saini Januari 2021, na migodi huja na wakandarasi wenye vibarua wa muda mfupi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo halali. Mkandarasi mjanja atahesabu miezi yake.

Muda wa kupinga kuachishwa ulinganishwe, uwe siku 60, na Tume iweke ratiba inayojulikana ya kusikiliza mashauri Ngara na Biharamulo. Nawe uliyeachishwa wiki hii, tunza barua, andika tarehe, fungua shauri. Mazungumzo na bosi yataendelea huku fomu yako ikiwa imeshapokelewa.