Kishikwambi si sanduku la mjomba

WAZEE wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wao daftari lao lilikuwa la karatasi na wino, nalo lilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Sisi wa leo tumepata daftari la kioo, tena tumelipokea kwa shangwe, lakini ni wachache miongoni mwetu waliojiuliza: je, siku daftari hilo litakapozimika, habari zitakuwa zimebaki wapi?

Ndugu msomaji, swali hilo lilinikabili hivi karibuni nilipofika Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda, kumjulia hali mjomba wangu. Mjomba ni mstaafu wa reli. Aliingia kazini wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ile haijavunjika mwaka 1977, akamalizia utumishi wake katika Shirika la Reli Tanzania, kwenye tawi linaloiacha Reli ya Kati pale Kaliua na kukomea Mpanda. Bintiye, ambaye kwangu ni dada, ni mwalimu wa shule ya msingi, naye ana kishikwambi.

Jina hilo kishikwambi limezoeleka haraka, kama lilivyozoeleka lile la kipakatalishi. Ni kompyuta bapa isiyo na vitufe vya kupigia chapa, ambayo huendeshwa kwa kugusa kioo chake. Katika nchi yetu chombo hiki kilipata umaarufu wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi badala ya madodoso ya karatasi. Kwa vyombo hivyo ndivyo mkoa wa Katavi ulivyohesabiwa ukaonekana kuwa na watu 1,152,958, ambapo miaka kumi kabla yake walikuwa 564,604. Sensa ilipokwisha, vishikwambi viligawiwa walimu ili viwasaidie katika kazi ya kufundisha. Ndivyo kimoja kilivyofika nyumbani kwa mjomba.

Niliwakuta wote wawili chini ya mwembe. Sanduku la bati lilikuwa wazi, na pembe za makaratasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Dada alikuwa akiyapiga picha kwa kishikwambi, moja baada ya jingine, na kila lililokwisha kupigwa picha lilitupwa katika kikapu kilichokuwa karibu na mafiga.

"Shikamoo mjomba. Makaratasi haya yanakwenda wapi?"

"Marahaba, mpwa wangu. Yanakwenda motoni. Mchwa wamenishinda. Dada yako anasema yote yameingia humu," akakigusa kioo kwa kidole, "na bado kuna nafasi! Miaka yangu yote ya kazi haikukijaza hata robo!"

Nilimwomba jambo moja tu, kwamba moto usiwashwe mpaka kesho yake. Alicheka, akakubali, kisha akaongeza kwamba kikapu cha kwanza kilikwisha kuchomwa jana. Usiku ule, mimi na dada tulikaa sebuleni tukakipima chombo hiki, uzuri wake na upungufu wake.

Uzuri wake haukanushiki. Makaratasi 200 ya mjomba, yakipigwa picha zenye megabaiti 3 kila moja, hayafikii hata gigabaiti 1, wakati vishikwambi vingi vina gigabaiti 32 au zaidi. Mtu anaweza kusoma gizani, kukuza herufi zilizofifia, na kumpelekea ndugu aliye Mwanza nakala kabla chai haijapoa. Kwa mwalimu, kubeba vitabu vya darasa zima katika mkoba mmoja ni nafuu kubwa. Sisemi haya kwa kukibeza chombo, la hasha. Nasema kwamba kila chombo kina kipimo chake, na asiyekijua kipimo hicho hukilaumu bure au hukiamini kupita kiasi.

Upungufu wa kwanza tuliokutana nao ni wa njia ya kuingizia mafaili. Dada alikuwa na kipakatalishi chakavu chenye maazimio yake ya kazi, mitihani ya miaka mitano, na filamu ya arusi ya mdogo wake. Alikuwa amejaribu kuvihamisha kwa njia ya Bluetooth, akakata tamaa. Si ajabu, kwa kuwa gigabaiti 1 kwa njia hiyo yaweza kuchukua zaidi ya saa nzima, ambapo kwa waya ni dakika moja au mbili. Lakini waya nao una ujanja wake. Zipo nyaya zinazopitisha umeme tu na hazipitishi mafaili, nazo kwa sura hufanana na nyingine. Hata waya ukiwa sahihi, kishikwambi huanza kwa kujichaji tu, mpaka mwenyewe agonge kiooni na kukubali kwamba waya utumike kwa kuhamisha mafaili. Tulipoteza nusu saa kwa kutojua hayo mawili.

Pili, filamu ya arusi ilikataa kuingia katika memori kadi, ingawa kadi ilikuwa na nafasi ya kutosha. Dada alidhani kadi ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imeandaliwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata kama kadi ina nafasi mara kumi ya hiyo. Ni kama mlango mwembamba wa ghala kubwa. Upo mtindo mpya zaidi uitwao exFAT, lakini si kila kishikwambi kinachoutambua, na kuiandaa kadi upya hufuta kila kilichomo. Dawa iliyo salama ni kuikata filamu vipande viwili au vitatu. Na mjue kwamba filamu ndiyo mlaji mkubwa wa nafasi, kwani saa moja ya filamu safi iliyochukuliwa kwa simu yaweza kufikia gigabaiti 7.

Tatu, faili kuingia si faili kusomeka. Azimio la kazi ambalo katika kipakatalishi lilikuwa jedwali lenye safu zilizonyooka, lilipofunguliwa kiooni lilivurugika: safu ya malengo ikaangukia chini ya safu ya zana, na tarehe zikapotea pembeni. Chombo hiki tangu mwanzo kilielekea zaidi kwenye kutazama na kusoma. Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoionyesha iPad kwa mara ya kwanza, tarehe 27 Januari 2010, haikuwa na kamera wala tundu la kuchomekea flashi. Vya leo vimepata kamera, na vingi hupokea flashi kwa kiungo kidogo, lakini kuandika jedwali refu kwa kidole bado ni adhabu. Faili la kusomwa tu ni heri ligeuzwe PDF kabla ya kuhamishwa, nalo halitavurugika. Lile la kuandikiwa libaki pia katika kompyuta.

Nne, ni umeme na kioo. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda uliangaziwa kwa majenereta ya dizeli, na wakazi wake hawahitaji kufundishwa maana ya giza la ghafla. Karatasi haihitaji chaja. Kadhalika, karatasi ikianguka huokotwa, bali kioo kikianguka huenda kikanyamaza na vyote vilivyomo.

Hapo nilimwuliza dada swali la tano, ambalo ndilo zito kupita yote. Kishikwambi hiki ni cha nani?

Alinyamaza kidogo. "Ni cha kazi, kaka. Si changu."

"Na kikitakiwa kurudishwa?"

Hakujibu, nami sikumshurutisha. Chombo kilichotolewa kwa ajili ya kazi ni mali ya umma. Anayekitunza leo anaweza kesho kuhamishwa, kustaafu, au kutakiwa kukikabidhi kwa mwingine. Je, ni busara urithi wa familia, hati za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na picha za marehemu, kuwa na makao yake ya pekee katika chombo kisicho cha familia? Na tazama upande wa pili: mwanawe wa darasa la sita hukichukua jioni akacheza michezo yake, na nafasi ikipungua hufuta asichokijua. Kidole cha mtoto hakitofautishi picha ya paka na cheti cha babu.

Tulipoanza kupitia picha zilizopigwa siku ya kwanza, zile ambazo makaratasi yake yalikwisha kuwa majivu, nyingi zilikuwa safi. Lakini tulipofika kwenye barua ya mjomba ya kuajiriwa, ile ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, tulikuta kivuli cha kichwa cha dada kimelala juu ya tarehe na muhuri. Tuliikuza, tukaigeuza, tukaiongezea mwanga. Mwaka hausomeki. Na karatasi yenyewe haipo tena.

Asubuhi tulimweleza mjomba. Alikitazama kioo muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mwaka huo mimi naukumbuka. Nikifa, nani ataukumbuka?" Dada aliinamisha uso. Mzee hakumgombeza, akaagiza tu kikapu kirudishwe ndani.

Ndugu msomaji, kosa hili si la mwalimu mmoja wa Kawajense. Hata mataifa yenye mali yamelifanya. Mwaka 1086 Mfalme William wa Uingereza alikamilishiwa hesabu ya ardhi na mali ya nchi yake, ikaandikwa kwenye ngozi na kuitwa Domesday. Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900, shirika la utangazaji la BBC lilishirikiana na wengine kutengeneza Domesday mpya, yenye picha na maandishi ya wananchi wengi, wakaihifadhi katika santuri kubwa za kusomwa kwa mwanga wa leza. Haikupita hata miaka 20, mashine za kuzisomea zikawa adimu mno, na wataalamu wakalazimika kufanya kazi kubwa ili kuyaokoa yaliyomo. Wakati huohuo kitabu cha ngozi kiliendelea kusomeka. Sisi wenyewe tunazo kanda za kaseti na disketi katika makabati yetu ambazo hatuna tena pa kuzichezeshea. Memori kadi nayo ina siku yake.

Basi tufanyeje? Tusikikimbie chombo, bali tukipe kazi inayokistahili. Haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani kwa mjomba, nami nayatoa kwa kila familia.

Kwanza, nakili kabla ya kuhamisha. Anayehamisha moja kwa moja, waya ukichomoka au umeme ukikatika katikati, anaweza kulikosa faili huku na kule. Nakili, lifungue faili kule lilikofika, lisome hadi mwisho, ndipo uamue kufuta la zamani.

Pili, kila picha ya karatasi ikaguliwe na mtu wa pili, aliye na karatasi yenyewe mkononi. Tarehe, muhuri, sahihi na majina visomeke bila kubahatisha.

Tatu, nakala zisikae mahali pamoja. Moja iwe katika flashi ya familia, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Wenye bando wanaweza kuweka ya tatu mtandaoni, kwani Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ila nywila yake ijulikane na watu wawili wanaoaminika, isije ikazikwa pamoja na mwenyewe.

Nne, karatasi zenye haki ndani yake zisichomwe kamwe. Benki inayokopesha kwa dhamana ya nyumba hutaka hati yenyewe, wala haikopeshi kwa picha ya hati. Mchwa dawa yao ni sanduku kuinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta, na kila karatasi kutiwa katika mfuko wa nailoni. Gharama yake haifikii bei ya chaja.

Tano, chombo cha kazi kibebe mambo ya kazi. Ya nyumbani yakipita humo, yapite kama mgeni na kuondoka.

Siku ya kuondoka kwangu, mjomba alikuwa amekwisha kuliweka sanduku juu ya matofali manne. Dada alikuwa ameketi kando yake na kalamu na daftari la kawaida la shule, mzee akimsimulia mwaka aliopanda treni kwa mara ya kwanza akiwa mtumishi, jina la stesheni aliyopangiwa, na majina ya wenzake. Alipomaliza ukurasa, aliupiga picha, akasogea kwanza ili kivuli kisiuangukie, kisha akampa baba yake aisome picha ile neno kwa neno.

Ndugu msomaji, leo jioni lifungue sanduku la nyumbani kwako, kisha ukifungue na kishikwambi au simu yako. Uliza kipi kipo hapa na hakipo kule. Tukutane tena Jumapili ijayo.