Akatoe Taarifa kwa Nani?

Neno la Mhariri

Hapa Mtoni mjeda si mgeni. Kambi ya Twalipo iko jirani, na katika nyumba zetu za kupanga, Mtongani hadi Kwa Azizi Ali, askari ni mpangaji mwenzetu, shemeji, au mwanetu aliyekwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Ndiyo maana ile video ya Agosti 2024 hatukuiona kama habari ya mbali. Binti aliyefanyiwa unyama ule ni wa wilaya hii hii ya Temeke. Mtaa wake ulitangazwa nchi nzima, sisi hatuurudii. Wanaume walimbaka kwa kundi, wakamrekodi wakimlazimisha amwombe radhi “afande”.

Septemba 30 mwaka huo mahakama mjini Dodoma iliwafunga maisha watu wanne kwa unyama huo, wakiwamo askari wa JWTZ na wa Magereza. Wengi tukashusha pumzi. Lakini kabla ya hapo kamanda wa polisi wa Mkoa wa Dodoma alishanukuliwa akisema binti alikuwa kama anajiuza. Jeshi la Polisi likaomba radhi, likamhamisha. Wapi! Kauli ilishafika kila kijiwe, na kila mwenye siri kama ile aliisikia.

Adhabu kali tunazo, tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Kinachokosekana ni pa kuanzia. Wengi wetu tumezoea kwamba aliyebakwa huanza polisi, achukue fomu ya PF3, ndipo aende hospitali. Kwa aliyebakwa na askari, hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Nazo dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Zitaisha angali anajiuliza kama afande wa kaunta anafahamiana na yule wa kambini. Aanzie kwa daktari na mtu wa ustawi wa jamii, kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, fomu imfuate huko.

Kuruta wa kike ana hali ngumu zaidi: anayemtuhumu huenda ndiye anayempangia lindo na kumpa ruhusa. Marekani, tangu Desemba 2023, uamuzi wa kushtaki ubakaji jeshini umeondolewa kwa makamanda na kupewa waendesha mashtaka wasio chini yao. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulitangaza kurudisha nyumbani kikosi cha askari wetu 60 waliokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, 11 kati yao wakituhumiwa kuwadhalilisha watu wanne. Wanne hao walisikilizwa na wachunguzi wasiovaa sare ya kikosi kile.

Kuruta wetu naye apewe msikilizaji wa namna hiyo, raia, asiyepigiwa saluti wala kupiga saluti, na namba yake ya simu ibandikwe ndani ya hanga, si mlangoni kwa kamanda.