Tumaini Haliuzwi kwa Chupa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tutafakari fadhila ya matumaini, maana katika Nyanda zetu za Juu Kusini wapo walioigeuza kuwa bidhaa. Mafuta yana bei, maji yana bei, na uponyaji unatangazwa kwa siku na saa. Nasema wazi: tumaini lenye bei si tumaini la Kikristo. Simoni wa Samaria alipotaka kuinunua karama ya Roho Mtakatifu kwa fedha, Petro alimkemea vikali (Mdo 8:18-20). Leo Simoni amekuwa muuzaji.

Kwa nini soko hili linastawi kwetu? Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa watu wazima wenye virusi vya ukimwi ni asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa taifa zima ni 4.4. Mzigo huo ni mzito. Mwenye kuubeba akiambiwa kwamba imani ya kweli ni kuacha vidonge, simlaumu yeye. Namlaumu anayemwambia.

Madhara yake taifa zima limeyaona. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Bei ilikuwa shilingi 500 tu, lakini wapo walioacha dawa wakiamini wamepona, na gharama ya hapo haihesabiwi kwa shilingi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Mtaniuliza: Padre, mbona hata Kanisa lina mafuta? Ndiyo, linayo. Mtume Yakobo anaagiza mgonjwa aombewe na kupakwa mafuta (Yak 5:14). Lakini Mpako wa Wagonjwa hauna bei, wala padre hamwambii mgonjwa atupe dawa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu. Anayemeza kidonge chake kila jioni na kusali rozari yake hajapungukiwa imani hata kidogo.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake wa 2007 juu ya matumaini, alituwekea mbele mfano wa Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa utumwani akiwa mtoto. Alibaki na makovu 144 mwilini maisha yake yote. Ubatizo haukuyafuta. Ulimpa kujua kwamba anapendwa na Bwana aliye juu ya mabwana wote, na kwa hilo akaweza kuishi na kuwatia moyo wengine.

Lakini maneno makali yasiishie kwa wauzaji. Mgonjwa anayekwenda kutafuta tumaini uwanjani, aliliacha wapi? Jumuiya zetu Ndogo Ndogo huchangia jeneza kwa siku moja, ila nauli ya kumpeleka mgonjwa kliniki haipatikani mwezi mzima. Tunamnong'ona akiwa hai, tunamsifu akiwa maiti. Jumuiya ya namna hiyo haina haki ya kuwashangaa wanaokimbilia mafuta, kwa maana mahali tumaini lisipotolewa bure, litanunuliwa.

Basi juma hili kila Jumuiya imtembelee mgonjwa mmoja. Msiende na ahadi ya muujiza. Nendeni na unga, nauli na sala, mkae naye, na mrudi tena juma lijalo. Mtume Paulo anatuhakikishia kwamba tumaini hilo halimwaibishi mtu, kwa kuwa pendo la Mungu limekwisha kumiminwa mioyoni mwetu (Rum 5:5). Limemiminwa bure. Tulitoe bure.

Nawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko