Mawe yalifika, mimi nikabaki

Meza ya sebuleni kwa mama yangu, Karatu, ina kitambaa cha ajabu kidogo. Kina urefu wa sentimita 119 na upana wa 84, na mahali pa maua pana grafu, ramani ya nyanda za juu za Ngorongoro, na duara lililojaa vidoti vyekundu na vyeusi. Jina langu liko juu kwa herufi kubwa, kando ya nembo ya chuo. Wageni wakija hutua vikombe vya chai ya maziwa juu ya vidoti hivyo, na mama huwaambia kwa fahari: "Hii ni kazi ya Ulaya ya binti yangu."

Kazi hiyo ya Ulaya haikufika Ulaya. Kitambaa ni bango la kongamano la kisayansi. Siku hizi mabango huchapwa kwenye kitambaa ili uyakunje begini, uachane na lile bomba refu la plastiki ambalo askari wa uwanja wa ndege hulitazama kama bazuka. La kwangu nililichapisha Kariakoo wiki tatu kabla ya safari. Wiki mbili baadaye pasi yangu ikarudi na karatasi yenye vijisanduku, na kilichotiwa alama kilisema kuna mashaka kama nitarudi nyumbani. Nina miaka 51. Nina mama, watoto wawili, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaodai maksi zao, na eka moja ya vitunguu Mang'ola. Nilikuwa nimepeleka taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, na bima inayolipa hadi euro 30,000, kiasi ambacho hakuna mtu aliyewahi kunithamini nacho. Ada ya viza, euro 90, hairudishwi.

Lakini mawe yalifika.

Mawe ninayoyasema ni vipande vya mviringo, unene wa inchi moja, tunavyovikata kwenye basalti kwa drili ya petroli huku mtu mwingine akipampu maji ili ncha isiungue. Kabla hujakitoa kipande mwambani unakiwekea alama: kimeelekea wapi, kimelala nyuzi ngapi. Dira peke yake haitoshi, maana basalti yenyewe ina sumaku na huidanganya dira. Kwa hiyo tunasimamisha kijiti juani, tunapima kivuli chake, tunaandika saa na dakika. Mtu akikosea dakika tano, kipande hicho kinasema uongo maisha yake yote. Vipande 112 vya msimu ule vilipata kibali cha kutoka nchini, vikaviringishwa kwenye soksi kuukuu za mwenzangu wa Ulaya, vikapanda ndege ndani ya begi lake hadi kwenye maabara yenye chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku ya dunia. Chuoni kwetu hatuna chumba kama hicho. Hakuna aliyeyauliza mawe kama yatarudi.

Msomaji anaweza kuuliza mawe yana habari gani ya kuyapeleka mbali hivyo. Lava inapopoa na kushuka chini ya nyuzijoto 580 hivi, chembe za magnetaiti zilizomo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku ile na kuutunza. Sumaku ya dunia nayo ni kigeugeu: kaskazini na kusini zimebadilishana mara nyingi, mara ya mwisho yapata miaka 780,000 iliyopita. Ukijua lava ipi ilipoa lini, ikielekea wapi, unapata kalenda. Na katika kalenda hiyo, katikati ya kipindi kirefu ambacho ncha zilikuwa zimepinduka, kuna kipande kifupi zilipokaa kama zilivyo leo, kati ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.77 iliyopita. Ushahidi wake ulitoka kwenye basalti iliyo karibu na sakafu ya korongo ambalo kwetu ni mwendo wa saa chache tu kwa gari. Sherman Grommé na Richard Hay waliutangaza mwaka 1963 katika jarida la Nature, na kipindi hicho dunia nzima inakiita Olduvai.

Majirani zake kwenye kalenda ni Brunhes, Mfaransa, Matuyama, Mjapani, na Jaramillo, kijito cha New Mexico. Katikati yao limo jina la nyumbani, tena lenye kosa la tahajia. Wamaasai wanasema oldupai, mkonge pori, ule uliojaa kwenye kingo za korongo. Herufi v ni urithi wa enzi za Wajerumani. Walioweka jina kwenye kalenda walilikuta limeshaharibika, siwalaumu. Ila tangu hapo limeenda kila mahali. Mabaki ya watu wa kale wa Dmanisi kule Georgia yalipotafutiwa umri, lava iliyo chini yake ilisomwa na kuonekana ni ya wakati wa "Olduvai".

Mwaka 2017 mkutano wa IAGA, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa sumaku ya dunia, ulifanyika Cape Town. Afrika Kusini haikunidai viza, nikaenda. Siku ya pili asubuhi nilihesabu: hadi mapumziko ya mchana jina hilo lilikuwa limetajwa mara kumi na moja, kwa lafudhi za mabara yote, na ukumbini Mtanzania nilikuwa peke yangu. Nilijisikia kama mtu aliyekuta nyumba yao inapigwa mnada na hakuna anayemjua.

Kilichonifaa pale kilikuwa kwenye foleni ya chai. Nilisimama nyuma ya fundi Mhabeshi ambaye amelelewa kikazi na watu wa kituo cha Addis Ababa, kinachopima sumaku tangu 1958, karibu kabisa na ikweta ya sumaku, mahali ambapo mkondo wa umeme hupita angani kilomita mia moja na kitu juu ya vichwa vya watu. Alinicheka nilipomwambia jinsi tulivyokuwa tukipima. "Dada, mkanda wako una chuma. Simu yako ina chuma. Hata sidiria ina chuma." Kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameniandikia namba ya mtu wa kumwazima magnetomita. Mwaka uliofuata kifaa kilikuja. Hilo halikuandikwa kwenye ratiba ya mkutano wowote, na mwaka 2021, mkutano ulipofanyika kwa mtandao kwa sababu ya Uviko, halikutokea tena. Nilisikiliza mada nzuri kutoka ofisini kwangu, kisha nikafunga kompyuta na kwenda kununua mkate.

Narudi kwenye bango. Mwenzangu aliye na mawe alichapisha nakala nyingine huko huko, akaitundika, akasimama mbele yake kwa saa mbili. Saa nane usiku simu yangu ikalia. Mama mmoja, mtaalamu mwenye jina kubwa, alikuwa amegusa vidoti vya mawe ya kituo namba 7 na kuuliza kwa nini vimetawanyika hovyo ilhali vituo vingine vyote vinakubaliana. Je, vipimo vimeharibika? Je, kazi nzima iaminike? Mwenzangu hakuwa na jibu, kwa kuwa siku ya kituo namba 7 yeye alikuwa amelala Karatu na homa.

Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunafungua drili juu ya kilima pale mzee mmoja mchungaji alipotukuta. "Shikamoo baba," nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akatazama mashine, akatazama mbingu. "Binti yangu, hapa sisi hatuleti ng'ombe masika. Radi inapapenda." Tuliendelea kutoboa, kwa ubishi wa wasomi. Radi ikipiga mwamba hufuta kumbukumbu ya zamani na kuandika yake, na mawe yaliyopigwa hutoka na sumaku kali iliyoelekea kila upande. Maelezo ya mzee yalikuwa kwenye daftari langu, kwa Kiswahili, ukurasa wenye doa la mafuta ya drili. Nilimwandikia mwenzangu usiku ule ule. Asubuhi yule mtaalamu alikuwa ameshaondoka kwenda uwanja wa ndege.

Najua wananchi wanaonaje safari zetu. Mwaka 2015 serikali ilipobana safari za nje za watumishi, mitaani watu walishangilia, na sikuwashangaa. Nimewaona kwa macho yangu wenzetu wanaochukua kitambulisho na begi la kongamano siku ya kwanza, na kuanzia siku ya pili unawapata madukani. Mwenye posho ya namna hiyo abanwe. Lakini tukibana wote kwa kamba moja, wanaobaki kuisimulia ardhi yetu ni wale walioibeba kwenye soksi.

Ninalotaka ni dogo na linawezekana. Mtafiti mgeni haanzi kazi Tanzania bila kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na huwa na mshirika wa hapa. Kwenye masharti hayo liongezwe moja: bajeti inayosafirisha sampuli ilipe pia tiketi na malazi ya mshirika huyo kwenda kusimama mbele ya bango, au ya kijana aliyemfundisha, ambalo mimi ningelipenda zaidi. Na viza ikikataliwa, matokeo yasomwe hapa kwanza kabla ya kusomwa kwingine. Arusha ina ukumbi wa AICC. Ukilala hapo, kesho kabla ya chakula cha mchana umeshapita Mto wa Mbu na Karatu, uko ukingoni mwa korongo lenyewe, unagusa basalti yenyewe kwa mkono. Sijaona bango linaloweza kushindana na hilo. Wapo watakaosema sharti hili litawafukuza wageni. Waende wapi? Oldupai iko moja.

Msimu huu tunarudi kwenye vile vilima, kabla ya masika, na kituo namba 7 tumekifuta. Mwenzangu anakuja, viza ameiomba kwa mtandao akiwa jikoni kwake na imeshatoka. Ameniuliza aniletee nini. Nimemwambia asilete chokoleti. Aje na mawe yetu yaliyobaki.