Sauti ya mwigizaji wa redio ina mwenyewe

Mwanamke anayeigiza katika mchezo wa redio ni mfanyakazi kama alivyo mwalimu au muuguzi. Ana ufundi, ana saa za kazi, na matunda ya kazi yake yanaweza kupimwa. Katika eneo letu la Uvira, mashariki mwa Kongo, kuanzia bandari ya Kalundu hadi vijiji vya Rurambo huko milimani, sauti yake inafika mahali ambapo gazeti halifiki na televisheni ni ya wachache. Hata hivyo, mara nyingi tunamtendea kama mpita njia aliyeombwa kusoma karatasi. Anaitwa mradi unapoanza, anapewa pesa ya usafiri, na mradi ukiisha anarudi nyumbani bila hati yoyote inayoonyesha kwamba sauti ile ilikuwa yake. Hiyo ni dhuluma kwake, na ni hasara pia kwa kila anayetaka milima yetu itulie.

Kazi hii inaweza kumlea mtu maisha yake yote, na mifano ipo. Tamthilia za mchana zilianzia redioni. Mwaka 1930, mjini Chicago, Irna Phillips aliandika Painted Dreams, na baadaye kampuni za sabuni zikawa zinalipia michezo ya aina hiyo kwa sababu akina mama waliokuwa nyumbani mchana ndio waliokuwa wateja wao. Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937, ilihamia televisheni na kuendelea hadi 2009. Susan Lucci alimwigiza Erica Kane katika All My Children tangu 1970 hadi 2011, miaka 41 katika nafasi moja, na jina lake likajulikana sawasawa na la mhusika wake. Huko Mexico waigizaji walianzisha chama chao, ANDA, mwaka 1934, miaka mingi kabla Thalía hajaigiza Marimar na kujulikana hadi mitaa ya Afrika. Wanawake hao hawakuipenda sanaa kuliko dada zetu. Walikuwa na mikataba, na walikuwa na vyama vya kuwasemea.

Kwetu Maziwa Makuu, mchezo wa redio ulikuja kwa njia ya machozi. Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, Burundi ikiwa vitani, na mwaka 1997 ikaanza kurusha Umubanyi Niwe Muryango, hadithi ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi, iliyoandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Mwaka 2004 Rwanda ikapata Musekeweya, mchezo wa vilima viwili vinavyogombana, Bumanzi na Muhumuro. Kivu nayo ikapata Kumbuka Kesho, kwa Kiswahili. Tunawakumbuka waandishi na mashirika yaliyolipia. Lakini hadithi haiingii nyumbani kwa mtu mpaka pawepo anayeipa pumzi. Mwigizaji wa redio hana uso, hana mavazi, hana machozi ya kuonyesha. Anasimama mbele ya mikro akiwa na karatasi mkononi, anageuza ukurasa polepole ili usisikike, na hapohapo anamlilia mtoto ambaye hayupo chumbani. Akilia kupita kiasi, msikilizaji anacheka. Akilia kidogo mno, msikilizaji anageuza stesheni. Kupata kipimo hicho kila wiki, kwa miezi na miaka, bila kupoteza tabia ya mhusika, ni kazi ya fundi.

Ushahidi kwamba ufundi huo una nguvu haukosekani. Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, eneo la mtambo wa Dodoma liliachwa kwa makusudi bila mchezo huo hadi 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Walikosikia habari za dereva wa lori Mkwaju, aliyeugua UKIMWI, na za mkewe Tunu, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Nchini Rwanda, mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vilivyosikiliza Musekeweya na vingine vilivyosikiliza mchezo wa afya. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 yanafundisha sana: imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana, ila walibadili mawazo kuhusu yale ambayo jamii yao inayakubali, kama ndoa za mchanganyiko, kuaminiana na kusema wazi usipokubaliana na wenzako. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kaseti za mchezo. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi vitu hivyo, na waliosikiliza Musekeweya walijadiliana na kuamua pamoja namna ya kuvitunza.

Utafiti wa tatu ulifanyika hapa Kivu, na viongozi wetu wangepaswa kuusoma kwa makini. Paluck aliulinganisha mchezo wa Kumbuka Kesho ukirushwa peke yake na mchezo huohuo ukifuatwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza watu wajadili waliyoyasikia. Matokeo ya mwaka 2010 yaliwashangaza wengi. Waliopata mazungumzo walijadiliana zaidi, lakini wakawa wagumu zaidi kwa watu wa upande wasioupenda, na hata kuwagawia chumvi iliyotolewa kama zawadi wakakataa zaidi kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, hotuba na mjadala tunaopenda kuubandika juu ya mchezo unaweza kuuharibu. Kile ambacho kimeonyesha manufaa tangu Tanzania hadi Rwanda ni msikilizaji kuishi na mhusika muda mrefu mpaka amjue kama ndugu. Na anayemfanya mhusika awe ndugu ni mwigizaji. Kumlipa mtoa mada wa semina vizuri na kumpa mwigizaji nauli tu ni kuweka fedha mahali pasipostahili.

Wapo watakaosema kwamba michezo hii haijazuia vita, na kwamba Uvira na milima yake vimeungua pamoja na hizo redio zote. Ni kweli. Hakuna mchezo wa redio unaoweza kumnyang'anya mtu bunduki, kumaliza ugomvi wa mashamba na malisho, au kulipa mshahara wa askari. Lakini kipimo hicho hatukitumii kwa wengine. Shule haijazuia vita, na hatusemi walimu wafanye kazi bure. Makanisa na misikiti havijazuia vita, na havifungwi. Mchezo wa redio hufanya kazi yake ya kiasi: humwonyesha mtu wa Rurambo kwamba jirani aliyekataa kulipiza kisasi si mpumbavu wala si peke yake. Katika mahali ambapo watu wengi hunyamaza kwa kuwaogopa wenzao, hicho si kitu kidogo.

Wengine watasema fedha hakuna, na kwamba stesheni zetu ndogo zinahangaika hata kupata mafuta ya jenereta. Hoja hii ina uzito kwa stesheni ya mtaa, wala hakuna anayeitaka ilipe kama Kinshasa. Lakini michezo mikubwa imelipiwa na wafadhili wenye bajeti za magari, hoteli na ripoti. Kama fungu la mafuta ya gari linaandikwa kabla mradi haujaanza, fungu la waigizaji linaweza kuandikwa hapohapo. Tena mambo mengi yanayodaiwa hayana gharama. Kutaja majina mwishoni mwa kipindi huchukua nusu dakika. Mkataba wa ukurasa mmoja ni bei ya karatasi. Na gharama ya kutowajali wasanii tumeiona kwa majirani: nchini Kenya, Mzee Ojwang wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi, mume wa Mama Kayai mbele ya kamera, alichekesha taifa kwa miongo kadhaa, na uzeeni wananchi ndio waliolazimika kuchanga ili atibiwe macho. Alifariki mwaka 2015.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba kumtaja mwanamke kwa jina, katika eneo lenye makundi ya silaha na midomo mingi, ni kumhatarisha. Aliyeigiza mke anayemficha jirani wa kabila lingine anaweza kuulizwa sokoni yuko upande gani, na aliyeigiza kahaba anaweza kudharauliwa na wakwe. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu uamuzi unapaswa kuwa wake. Achague jina lake halisi, jina la usanii, au asitajwe hewani kabisa. Mkataba, malipo na kumbukumbu za studio bado vitabeba jina lake. Leo uamuzi huo unafanywa na wengine, halafu unaitwa ulinzi.

Sheria haitukosi. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 ya nchi yetu kuhusu haki za watunzi inalinda pia haki za waigizaji, na tangu 2011 tunayo SOCODA, shirika la kukusanya na kugawa malipo ya haki hizo. Kinachokosekana ni kuitumia. Basi, wafadhili wasitie saini mradi wowote wa mchezo wa redio usio na mikataba ya waigizaji inayosema wazi kipindi kitarudiwa mara ngapi na kwa malipo gani. Stesheni za Uvira zitunze nakala za michezo pamoja na orodha ya waliotoa sauti. Serikali ya jimbo iwasaidie waigizaji kujiandikisha SOCODA bila kulazimika kusafiri hadi Kinshasa. Na sisi wasikilizaji, tunapopiga simu studioni kuusifu mchezo, tuulize nani ameigiza, na kama amelipwa.